Wasomi Waliovaa Ovaroli

Mwaka 1974 kijana mmoja Mwingereza, mwenye shahada ya hisabati kutoka Cambridge na ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Zambia, aliajiriwa kuendesha mashine katika kiwanda cha injini kusini mwa jiji la Chicago. Alikuwa akisomea udaktari wa falsafa katika sosholojia. Angeweza kutuma madodoso, akahesabu majibu, akaandika tasnifu na kuhitimu bila tone la grisi kumgusa. Michael Burawoy hakutaka hivyo. Alifanya kazi pale miezi kumi, zamu kwa zamu, akilipwa kama wenzake na kukaripiwa kama wenzake. Kitabu kilichozaliwa na miezi hiyo, Manufacturing Consent, kilitoka mwaka 1979, na ni vigumu leo kusomea sosholojia ya kazi bila kukutana nacho.

Nataka kuisifu kazi hii ya mwanasosholojia anayeingia pahala pa kazi, akaifanya kazi yenyewe kwa mikono yake, kisha akakaa chini na kueleza jinsi kile alichokiona penye mashine moja kinavyofungamana na masoko, serikali na mitaji ya dunia nzima. Kwetu tunawajua mafundi wa majahazi, wa milango ya nakshi, wa mikeka. Mtafiti tunamhesabu kuwa mtu wa karatasi na semina. Huyu ninayemsema ni fundi sawasawa na hao, na ufundi wake unastahili kuangaliwa kwa karibu.

Tuanze na mle kiwandani Chicago. Malipo yalifuata idadi ya vipande. Kila kazi ilikuwa na kiwango chake: ukikifikia unapata ujira wa msingi, ukikivuka unapata nyongeza. Lakini wafanyakazi walikuwa na sheria yao ambayo haikuandikwa popote, kwamba usiripoti zaidi ya asilimia 140. Ukizidi hapo watakuja wapima muda na saa zao, kiwango kitapandishwa, na mtaumia wote. Kwa hiyo aliyewahi kumaliza aliviweka vipande vya ziada pembeni, akiba ya siku ambayo chuma kitakuwa kigumu au mashine itamsumbua. Na kuifikia hiyo 140 hakukutegemea mikono yako peke yake. Ulimhitaji mtunza stoo akupe kifaa mapema, dereva wa forklifti akuletee mali ghafi, fundi wa kutegesha mashine asikupuuze, mkaguzi akipitishe kipande chako cha kwanza. Ukimuudhi mmoja wao, siku yako imeharibika. Burawoy aliyaona haya yote kwa sababu yalimpata. Naye alijikuta ameingia mchezoni, akihesabu dakika na vipande kama wengine.

Hapo ndipo swali lake lilipogeuka. Wasomi wengi waliomtangulia walikuwa wakiuliza kwa nini wafanyakazi hawajitumi zaidi. Yeye akauliza kwa nini wanajituma kiasi hiki, ilhali faida kubwa inakwenda kwa mwingine. Akajibu kwamba mchezo wenyewe ndio unaowashika: mtu aliyezama katika kuifikia asilimia 140 tayari amekwisha kuzikubali sheria za mchezo, na wala hana nafasi ya kujiuliza nani alizitunga. Jibu la namna hii haliji kwa dodoso. Ukimwendea mfanyakazi ukamwuliza kama anaridhika na kazi yake, atakupa jibu la heshima na kurudi kwenye mashine yake. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtafiti huyu alikubali kuonja sehemu ya adhabu kabla ya kuizungumzia.

Baada ya kuingia mle ndipo alipogundua jambo la ajabu. Kiwanda kilikuwa kile kile ambacho mwanasosholojia mwingine, Donald Roy, alikifanyia kazi na kukichunguza mwaka 1944 na 1945. Msomi mvivu angesikitika kwamba ametanguliwa. Burawoy aliifanya hiyo kuwa hazina, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Roy alikuta uhasama mkali kati ya wafanyakazi na wakubwa wao. Miaka thelathini baadaye uhasama huo ulikuwa umepoa, na magomvi yalikuwa baina ya wafanyakazi wenyewe, wakigombea vifaa na muda. Mabadiliko ya miaka hiyo thelathini katika ubepari wa Marekani yakaonekana katika ugomvi wa watu wawili dirishani pa stoo.

Ufundi huo hakuupatia Chicago. Aliupatia Zambia. Alifika huko mwaka 1968, miaka minne baada ya uhuru, akaajiriwa katika ofisi ya makampuni ya migodi ya shaba iliyoshughulikia masuala ya waajiriwa. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilionyesha jinsi kazi ya kuwakabidhi Wazambia vyeo vya Wazungu ilivyokwenda. Mwafrika alipopandishwa, Mzungu aliyekuwa na nafasi ile hakuondoka. Alitengenezewa cheo kingine juu, akaondoka na madaraka yake, na Mwafrika akabaki na kiti. Mstari wa rangi ulisogezwa juu tu. Ni lazima niseme pia kwamba taarifa hizo alizikusanya bila kuwaambia waajiri kwamba anafanya utafiti, jambo ambalo kamati za maadili za vyuo vya leo zisingelipitisha. Kwa maoni yangu, mfanyakazi anastahili kuambiwa ukweli na anayekuja kumchunguza. Kampuni yenye nguvu inayoficha mambo yake ni mjadala mwingine, na mimi siuoni kuwa rahisi.

Miaka ya 1980 akaenda Hungaria, wakati huo nchi ya kijamaa, akafanya kazi penye tanuri la chuma katika kiwanda cha Lenin mjini Miskolc. Huko kuna kisa ninachokipenda. Waziri Mkuu alikuwa anakuja, na wafanyakazi wakaamriwa kuacha kazi na kupaka rangi mitambo ili ing'ae. Burawoy akapata brashi ya rangi nyeusi, akaanza kupaka makoleo. Msimamizi alipomwuliza anafanya nini, akajibu kwamba anasaidia kujenga ujamaa. Wenzake wakacheka, na mmoja akamwambia kwamba pale ujamaa haujengwi, unapakwa rangi, tena nyeusi. Kutokana na kicheko kile Burawoy alijenga hoja nzito: maigizo ya kila siku ya kuusifu mfumo ndiyo yaliyowafunza wafanyakazi kuona umbali uliopo kati ya ahadi na maisha. Msomaji wa Kitanzania mwenye umri wa kukumbuka mapokezi ya viongozi viwandani hatahitaji kufafanuliwa.

Ufundi hujulikana kwa wanafunzi wake. Pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikofundisha tangu mwaka 1976, Burawoy alimfundisha Ching Kwan Lee kutoka Hong Kong. Kitabu cha kwanza cha Lee, cha mwaka 1998, kilitokana na kufanya kazi katika viwanda viwili vya kampuni moja ya vifaa vya elektroniki, kimoja Hong Kong na kingine Shenzhen, ng'ambo ya mpaka. Bidhaa zilikuwa zile zile, na menejimenti ile ile. Hong Kong aliwakuta kina mama wenye watoto, wanaoachiwa kupanga mambo yao kwa kiasi fulani na kuheshimiwa kama watu wazima. Shenzhen aliwakuta wasichana waliotoka vijijini katika mikoa ya mbali, wageni ndani ya nchi yao, wanaoishi mjini kwa vibali vya muda, wanaosimamiwa kwa faini na kwa ndugu na watu wa kwao waliowatafutia kazi. Kwa hiyo tabia ya bosi haikutosha kueleza tofauti hiyo. Lee aliitafuta katika swali jingine: mfanyakazi huyu ametoka wapi, na akifukuzwa leo ana pa kwenda? Sijui swali zuri kuliko hilo la kuanzia mtu anayetaka kuelewa uhamiaji.

Kisha Lee akaja upande wetu. Alichunguza Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, pale Ubungo, na mgodi wa Chambishi nchini Zambia. Anayepita Barabara ya Morogoro kwa basi la mwendokasi hulisikia jina la Urafiki likitajwa kituoni, na pengine hajui lina historia kiasi gani. Kiwanda kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikawa fahari ya nchi, na khanga na vitenge vyake vikavaliwa kila kona. Miaka ya 1990 kikageuzwa kuwa cha ubia, kampuni ya Kichina ikichukua asilimia 51 na Serikali ya Tanzania ikibaki na 49. Wakati huo soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba na khanga za kutoka nje zimejaa. Lee alikuta ajira za kudumu zikigeuka vibarua, na watu waliokumbuka kiwanda kilipokuwa kikijali maisha yao nje ya mashine. Chambishi nako vibarua walikuwa wengi. Lakini wachimbaji wa Zambia walifanikiwa kurudisha mikataba yao kwa kiasi kikubwa, na wafanyakazi wa Urafiki hawakufanikiwa. Shaba ilikuwa bidhaa ambayo China ilihitaji, na siasa za Zambia zilikuwa zimewapa wachimbaji masikio ya kuwasikiliza. Nguo za Ubungo hazikuwa na nguvu hiyo.

Lee alirudi Zambia kwa miaka kadhaa. Mwaka 2011 serikali ilipobadilika, Makamu wa Rais Guy Scott alimsaidia kufunguliwa milango ya migodi, naye akashuka chini na wachimbaji. Kitabu chake cha mwaka 2017 kinawasumbua wote wanaopenda majibu mepesi kuhusu Wachina Afrika. Kampuni ya dola ya China ililipa mishahara midogo, lakini msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipofika haikufukuza watu. Kampuni binafsi za kimataifa zililipa vizuri zaidi na zilipunguza wafanyakazi kwa wingi. Anayetaka kulaani upande mmoja au kuusifu atakiona kitabu hiki kichungu.

Wapo wanaosema mtafiti wa aina hii ana pasipoti na mshahara wa chuo, na siku akichoka anaondoka. Ni kweli. Burawoy alilijua hilo, na mwaka 2004, akiwa rais wa Chama cha Wanasosholojia cha Marekani, alitumia hotuba yake kudai kwamba elimu hii irudi kwa umma uliochunguzwa. Alifariki Februari 2025, baada ya kugongwa na gari karibu na nyumbani kwake Oakland. Dai lake bado halijatekelezwa kwetu. Makala ya Lee kuhusu Urafiki ilichapwa mwaka 2009 kwa Kiingereza, katika jarida la kitaaluma linalosomwa vyuoni. Wafanyakazi ambao maisha yao yameandikwa mle, walio wengi, nadhani hawajaisoma.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa wanafunzi na walimu wa sosholojia wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Kampala. Mwanasosholojia Rhacel Salazar Parreñas ameandika vitabu muhimu juu ya Wafilipino wanaofanya kazi za nyumbani ughaibuni, na kimoja kinahusu Falme za Kiarabu na mfumo wa kafala, unaokifunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri wake. Dada zetu wanapanda ndege kwenda Riyadh, Muscat na Dubai chini ya mfumo wa aina hiyo, na tunawasikia zaidi pale mmoja wao anaporudishwa na majeraha au ndani ya jeneza. Kaeni katika ofisi za mawakala wanaowasafirisha. Kaeni vijijini wanakotoka, mwone nani analea watoto waliobaki na fedha zinazotumwa zinafanya nini. Nendeni bandarini, kwenye mashamba ya maua Naivasha, kwenye kokoto na nondo za barabara mpya. Waambieni watu ninyi ni nani na mmekuja kwa nini. Kaeni hadi mchoke, kisha kaeni tena. Andikeni kwa Kiswahili, na kitabu kikitoka, nakala za kwanza zipelekwe kwa wale mliofanya kazi nao.