Mpiganaji Asiwe Upanga Mtupu

Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu na masimulizi uliotoka Marekani mwaka 1974, una ila moja kubwa. Mwanzoni mpiganaji humkinga mchawi. Wakishapanda madaraja, mchawi anaruka, anateketeza kundi zima kwa tamko, na mwenye upanga kabaki kupiga mmoja mmoja. Mwenzetu anapiga miayo mezani, jamani! Toleo la 2008 lilijaribu kuwasawazisha, lakini kwangu mie wote wakafanana.

Mie hapa Mangapwani namtaka Fumo Liyongo. Nguvu anazo, ila kifungoni aliokoka kwa wimbo: ulimfikishia mamake ujumbe, tupa ikaja ndani ya mkate wa wishwa, na kelele za ngoma zikafunika mlio wa kukata minyororo. Tena kikomo anacho: sindano ya shaba, kitovuni.