Kubabaisha, Kutahayarisha, Kufedhehesha: Tahakiki ya Ufasili wa Vitenzi vya Fadhaa na Aibu katika Kamusi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotaja kitendo cha kumfanya mtu apoteze utulivu, ama ndani ya nafsi yake, ama mbele ya wenzake. Miongoni mwavyo ni babaisha, fadhaisha, hangaisha, tahayarisha, aibisha, fedhehesha na umbua. Kamusi za lugha moja, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa ya kuvikusanya. Hata hivyo, mbinu inayotumika mara nyingi katika kuvifasili ni ile ya visawe: kitenzi kimoja huelezwa kwa kingine, na hicho cha pili humrudisha msomaji kwa cha kwanza. Tahakiki hii inashikilia kwamba mzunguko huo unaficha tofauti tatu za msingi: mahali hali inapodhihirika, kuwapo kwa mashahidi, na upande unaobeba lawama.

2.0 Fadhaa ya Moyoni na Fadhaa ya Mdomoni

Kimofolojia, babaisha, fadhaisha na hangaisha vina umbo linalofanana, kwani kila kimoja kina jozi yake ya hali: babaika, fadhaika na hangaika. Ulinganifu huu ndio unaoshawishi viwekwe katika fungu moja. Matumizi, lakini, yanavitenganisha. Aliyefadhaika ameguswa moyoni. Anaweza kukaa kimya, asionekane na yeyote, na bado akawa amefadhaika. Aliyehangaika hutambulika kwa mwendo, maana huenda huku na huko akitafuta nafuu. Aliyebabaika hutambulika kwa usemi: mgonjwa wa homa kali hubabaika, na mtahiniwa aliyeulizwa swali asilolitarajia hubabaika pia. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anasimamishwa mbele ya baraza kujibu mashtaka ya Waziri Majivuno. Mhakiki anaweza kujadili kama Karama alifadhaika au la. Hawezi kusema alibabaika, kwa kuwa utetezi wake wa siku sita unaendelea kwa mpangilio na ufasaha.

Tofauti ya pili ni ya lawama. Kutokana na babaisha kumezuka nomino mbabaishaji na ubabaishaji, ambazo leo humhusu mtu anayechukua malipo ya kazi asiyoimudu au anayetoa ahadi asizokusudia kuzitimiza. Hakuna nomino iliyozoeleka yenye tuhuma kama hiyo kutokana na fadhaisha. Kivuli cha udanganyifu kilichotanda juu ya ubabaishaji kimemwangukia hata yule anayebabaika, kana kwamba kusitasita kwake ni dalili ya uongo. Fasili inayosawazisha babaika na fadhaika haimdokezei msomaji jambo hili.

3.0 Kutoka Haya hadi Fedheha

Fungu la pili linahitaji kipimo cha mashahidi. Tahayari imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuduwaa na kukosa njia. Katika Kiswahili limesogea hadi kwenye haya, neno linalokaribiana nalo kwa sauti. Kwa hiyo kumtahayarisha mtu si lazima kumchafulia jina. Hata sifa nyingi zikimwagwa mbele ya msifiwa humtahayarisha.

Aibu ni nzito zaidi, lakini inaweza kufichwa. Methali isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha inathibitisha kuwa aibu huweza kuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo akapewa dhamana ya kuisitiri. Fedheha haina nafasi hiyo. Asili yake katika Kiarabu ni kufichua, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: mtu husitiriwa aibu yake ili asifedheheke. Umbua, kitenzi cha asili ya Kibantu, kinaelekea huko kwa njia nyingine. Ni kinyume cha umba. Anayeumbuliwa huharibiwa sura aliyokuwa nayo machoni pa watu. Tahayarisha, aibisha na fedhehesha, basi, ni ngazi tatu za kitendo kinachozidi kuwa cha hadhara.

4.0 Uzito wa Tofauti Hizi

Inaweza kudaiwa kwamba muktadha unatosha kumwongoza msomaji. Dai hili lina nguvu kwa mzawa wa lugha anayezungumza, lakini linalegea mbele ya maandishi yanayotakiwa kusimama peke yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, suala hili limepata uzito mpya. Namna shahidi anavyojieleza ni sehemu ya yale yanayozingatiwa katika kupima ukweli wake. Kumbukumbu inayosema kwamba shahidi alibabaika inatilia shaka maneno yake. Inayosema kwamba alifadhaika inaeleza maumivu yake. Vivyo hivyo, mlalamikaji anayesema alitahayarishwa hakudai kwamba heshima yake imeharibiwa mbele ya jamii, ilhali anayesema alifedheheshwa amedai hivyo. Karani, mkalimani au hakimu atakayeegemea kamusi ya visawe anaweza kuwapunja wote wawili bila kukusudia.

5.0 Hitimisho

Upungufu uliojadiliwa haumo katika ukusanyaji wa vidahizo, bali katika ufasili wake. Kwa kila kitenzi cha uga huu, fasili ingepaswa kujibu maswali matatu: hali inadhihirika wapi, nani anaishuhudia, na lawama inamwelekea nani. Kwa kipimo hicho, babaisha ingefasiliwa kuwa ni kumfanya mtu aseme bila mpangilio, au kumzungusha kwa hila. Fadhaisha, kumwondolea mtu utulivu wa moyo. Tahayarisha, kumfanya mtu aone haya. Na fedhehesha, kuidhihirisha aibu ya mtu mbele za watu. Fasili hizi hazizidi urefu wa zile zilizozoeleka, na kila moja inasimama bila kuegemea nyingine.