Megan Leavey: je, mbwa anatibu kiwewe cha vita?

Filamu hii ya 2017 inasimulia kisa cha kweli cha askari wa Marekani na Rex, mbwa mnusa mabomu, waliojeruhiwa Iraq mwaka 2006. Inapendeza zaidi kwenye mazoezi: urafiki unajengwa kazini, taratibu. Shida ni mwisho wake. Anamchukua Rex nyumbani, nasi tunaachwa tukidhani kiwewe kwisha!

Sasa tuangalie sayansi. Chuo Kikuu cha Purdue, 2018, kililinganisha maveterani 75 wenye mbwa wasaidizi na 66 waliokuwa bado kwenye foleni. Wenye mbwa walikuwa na dalili pungufu, ila kwa wastani hawakushuka chini ya kiwango cha kuhesabiwa wagonjwa. Wengi walikuwa wakiendelea na matibabu. Itazameni, lakini mbwa asitumike kama kisingizio cha kumwachisha mtu tiba.