Jina Kama Fununu: Majazi Katika Hadithi za Upelelezi

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana mapema na neno majazi. Ni mbinu ya mwandishi kumpa mhusika jina linalolingana na tabia au hali yake. Mifano tunayopewa darasani hutoka aghalabu kwa Shaaban Robert, na ni mifano mizuri. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, anayemshtaki Karama ni waziri aitwaye Majivuno. Katika Adili na Nduguze, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Msomaji hahitaji kuelezwa ni nani wa kuogopwa, kwani jina limekwisha kumwambia.

Sasa tuwachukue wahusika haohao tuwatie katika hadithi ya upelelezi. Adili amekutwa amekufa kitandani. Mlango umefungwa kwa ndani. Inspekta anawaita ndugu wawili wa marehemu ili awahoji, naye anaandika majina yao katika daftari: Hasidi na Mwivu. Hadithi imekwisha hapo. Hakuna taharuki, hakuna mpelelezi anayehitajika, na msomaji anaweza kukifunga kitabu akalale.

Katika makala haya ninataka kujadili tatizo hilo. Hadithi ya fumbo huishi kwa kuficha, na majazi huishi kwa kufichua. Mwandishi anayezitumia mbinu hizi mbili pamoja lazima atafute mahali pa kuificha maana ya jina. Nitatazama kwanza watunzi wa tamthilia moja ya televisheni walivyofanya, kisha waandishi wetu wa riwaya za upelelezi, na mwisho nitauliza jambo hili lingekuwaje kama marehemu angekutwa hapa Kampala, katika mji ambamo majina yamekwisha kubeba habari kabla mwandishi hajaanza kuandika.

Tamthilia ninayoizungumzia ni Lost, iliyorushwa Marekani kuanzia Septemba 2004 hadi Mei 2010. Ndege inaanguka kisiwani na walionusurika wanakuta kwamba kisiwa chenyewe ni fumbo. Miongoni mwa wahusika wamo John Locke, Danielle Rousseau na Desmond Hume. Aliyesoma falsafa hata kwa muhula mmoja atashtuka, maana hayo ni majina ya wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18. Watunzi waliificha maana maktabani. Mtazamaji wa kawaida alisikia jina kama jina, na mwenye kusoma alisikia mlango ukigongwa.

Lakini mlango huo ulimpeleka wapi? Locke mwanafalsafa alifundisha kwamba akili ya mtoto mchanga ni kama karatasi tupu, na kwamba ujuzi huandikwa juu yake na uzoefu. Locke wa kisiwani ni mtu wa imani. Alipanda ndege akiwa mtu wa kiti cha magurudumu, kisiwani akasimama na kutembea, na tangu hapo anaamini kwamba kisiwa kimemwita kwa kazi maalumu. Jina linamfaa kwa upande mmoja na kumkana kwa upande mwingine. Mtazamaji aliyekimbilia maktaba alirudi na swali jipya badala ya jibu, na katika hadithi ya fumbo hiyo ndiyo kazi nzuri ya jina. Watunzi hao walijua pia hatari ya maana iliyo wazi mno. Baba wa mhusika mkuu anaitwa Christian Shephard, jina linalosikika kama mchungaji wa Kikristo. Katika kipindi cha mwisho mhusika Kate analisikia jina hilo naye anacheka. Watunzi walitangulia kucheka kabla sisi hatujawacheka.

Turudi nyumbani. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri wa kutosha wa kuchunguzwa kwa namna hii. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko wa Unguja, na rafiki anayefuatana naye ni Najum. Polisi anayekutana nao ni Inspekta Seif. Miaka mingi baadaye, Tanzania Bara, Ben Mtobwa alimtuma Joram Kiango katika mfululizo wa riwaya, akiwa na mwenziwe Nuru, na polisi wa kupokezana naye habari ni Inspekta Kombora. Yupo pia Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba.

Tuyapange majina haya. Kiango ni kitu cha kuwekea au kutundikia taa. Nuru haihitaji kufasiriwa. Kwa hiyo mpelelezi wa Mtobwa ni kishikio cha taa na mwenziwe ni mwanga wenyewe, na kazi yao ni kuingia mahali penye giza. Najum ni jina linalotokana na neno la Kiarabu la nyota, jamaa ya neno letu mnajimu. Msa ni Musa katika ulimi wa Unguja, na pia ni herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi: M, S, A. Gamba ni lile la samaki au la kobe, kifuniko kigumu cha kiumbe laini, na jasusi ni nani kama si mtu anayeishi ndani ya gamba? Upande wa polisi, Seif kwa Kiarabu ni upanga, na kombora tunalijua. Wapelelezi wamepewa mwanga na kificho. Polisi wamepewa silaha. Mwenye akili anaangaza, mwenye cheo anapiga.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa kutoka kwa walimu. Je, waandishi hawa walikusudia hayo? Seif ni jina la kawaida kabisa Zanzibar, na mzazi hampi mtoto jina hilo kwa kumtarajia awe polisi. Hata Kiango wapo watu wanaolitumia kama jina la ukoo. Pingamizi hili ni la haki, na ninafikiri njia ya kulijibu ni kuazima nidhamu ya mpelelezi mwenyewe. Mpelelezi mzuri hutofautisha fununu na ushahidi. Seif peke yake ni fununu: huenda ina maana, huenda haina, na singemfunga mtu kwayo. Kombora ni nzito zaidi, kwa sababu si jina ambalo wazazi wengi wangemwita mtoto. Kiango peke yake ni fununu, lakini Kiango aliyeketi karibu na Nuru ni ushahidi, kwa kuwa majina mawili yameshuhudiana. Kwa kipimo hiki tunaweza kusoma majina bila kuota ndoto za mchana.

Kuna jambo la pili ambalo orodha hii inalionyesha, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Majina haya yote yenye mwangwi ni ya watafutaji. Mpelelezi, rafiki yake na polisi wanaweza kuitwa taa, nyota au kombora bila fumbo kuvuja, kwa sababu hao hatuwashuku. Anayehitaji jina lisilosema kitu ni mshukiwa. Hapo ndipo riwaya ya upelelezi ilipomwacha Shaaban Robert. Yeye aliwatia alama wabaya wake ili tuwajue mapema. Waandishi wa upelelezi waliihamisha alama kutoka kwa mhalifu wakampa anayemsaka.

Sasa tumlaze marehemu Kampala, tuseme katika chumba cha kupanga Wandegeya. Anaitwa Kato. Msomaji wa Dar es Salaam atasoma jina hilo na kuendelea. Msomaji Mganda atasimama papo hapo na kuuliza: Wasswa yuko wapi? Katika Buganda pacha wa kiume wa kwanza ni Wasswa na wa pili ni Kato, na wa kike ni Babirye na Nnakato. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza. Baba yao huitwa Ssalongo na mama yao Nnalongo. Kwa jina moja tu mwandishi amemweka hadithini mtu wa pili mwenye sura ya marehemu, bila kuandika sentensi yoyote kumhusu. Na kama mwenye nyumba anaitwa Ssalongo na majirani wote, huku akimwambia polisi kwamba hajapata kuwa na mtoto, amejishtaki mwenyewe. Tena fununu inaweza kudanganya. Siku hizi Kato linaweza kuwa jina lililorithiwa kutoka kwa baba, na pacha tunayemtafuta asiwepo kabisa.

Majina ya koo yana siri zake. Walusimbi humwelekeza Mganda kwenye ukoo wa Ffumbe, na Ndugwa kwenye ukoo wa Lugave. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Vijana wawili wapenzi wakitajwa kwa majina kamili katika sura ya kwanza, msomaji mwenyeji anaweza kuwa amekwisha kujua kwa nini barua zao zilifichwa.

Tukienda magharibi, kwa Watooro na Wanyoro, tunaikuta empaako. Ni jina la heshima na mapenzi ambalo mtu hupewa pamoja na jina lake, kama vile Amooti, Akiiki, Adyeri au Apuuli, na majina hayo ni machache, jamii nzima inayagawana. UNESCO iliiorodhesha desturi hiyo mwaka 2013 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mkikutana kwa mara ya kwanza, mtu hukuuliza empaako yako ndipo akusalimu kwayo. Fikiria basi mshukiwa anayeapa kwamba hamjui marehemu, kisha katika kusimulia anamwita Apuuli. Nani alimwambia? Kwa ushahidi wa namna hii hapahitajiki alama za vidole.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinaingia katika fumbo. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kimekuwa lugha ya polisi na jeshi. Inspekta wa riwaya hii angehoji watu kwa Kiswahili, akitoka pengine mbali na Buganda na Tooro, naye angeandika Kato, Ssalongo na Apuuli katika daftari kama majina matupu. Majirani waliosimama mlangoni wangesikia kila kitu. Mwenye cheo angekuwa kiziwi mbele ya ushahidi uliotamkwa kwa sauti. Sijui fumbo gani linaloweza kuwa la Kiganda na la Kiswahili kwa wakati mmoja kuliko hilo.

Lakini utajiri huu una gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mjini hapa jina la mtu likitajwa, msikilizaji huanza kukadiria: kabila gani, upande gani wa nchi, dini gani. Wengi wetu tumewahi kukadiriwa hivyo kabla hatujafungua mdomo, nyumbani kwa mwenye chumba cha kupanga au mbele ya mtu wa kutoa kazi. Mwandishi akimpa mwizi wake jina la watu fulani, amewataja watu hao wote pamoja naye. Hawezi kujitetea kwamba lilikuwa jina tu, kwa sababu ametoka kututhibitishia katika kurasa zilizotangulia kwamba majina husema. Mtobwa na Musiba waliweza kulikwepa hili kwa kiasi fulani. Kiango na Gamba ni maneno ya Kiswahili ambayo kila msomaji anayaelewa kwanza kama vitu vya nyumbani na vya baharini, kabla hajauliza ni ya kabila gani. Sisi hatuna mwanya mpana namna hiyo.

Wapo watakaosema dawa ni kuwapa wahusika majina yasiyo na kwao, akina John na Mary, au majina ya kubuni. Sikubaliani nao. Kampala ya akina John watupu haipo, na riwaya ya namna hiyo ingetupa ushahidi bora kuliko wote ilionao. Ninaona dawa iko katika muundo wa hadithi ya upelelezi wenyewe. Hadithi hiyo humfundisha msomaji kwamba anayeshukiwa kwanza mara nyingi siye. Basi mwandishi wa Kampala na aache jina limpe msomaji shaka ya haraka, ile shaka tunayoijua wote na tunayoionea haya, kisha uchunguzi uivunje. Msomaji akifika mwisho atakuwa amemjua muuaji, na atakuwa pia amejikamata mwenyewe akihukumu kwa jina.

Kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu nina pendekezo moja dogo. Swali la mtihani linapotutaka tutaje majazi, tusiishie kuandika kwamba Hasidi ni hasidi. Tuulize jina limewekwa wazi kwa nani na limefichwa kwa nani, ni msomaji wa wapi anayelisikia, na nani anaumia likisikika vibaya. Shaaban Robert aliandika majina ambayo kila mtu angeyaelewa. Bwana Msa na Joram Kiango walitembea na majina yanayoangaza njia yao wenyewe. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili yenye Kato, Ssalongo na Apuuli ndani yake itahitaji msomaji anayejua kwamba jina ni fununu, na kwamba fununu peke yake haijapata kumfunga mtu kwa haki.