Utenzi na Manowari ya Ndege

Utenzi wa vita, tangu zamani, umejengwa juu ya watu wawili wanaoonana. Mmoja hutoka mbele ya jeshi, hutaja nasaba yake, humwita hasimu wake kwa jina. Ndipo upanga unapochomolewa. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliijua kanuni hiyo vema, maana ndiye mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Walakini alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima alikabiliwa na adui wa namna nyingine. Mwezi wa Septemba 1888 manowari Leipzig iliteremsha wanamaji wake Bagamoyo, na watu wengi wa mji wakauawa. Abushiri na Bwana Heri waliweza kutajwa kwa majina na koo zao. Mpiga mzinga aliye ndani ya meli, nani pwani angemjua?

Hata hivyo meli ile ilionekana. Mtu wa Bagamoyo aliweza kusimama ufukweni akaitazama milingoti yake.

Mwezi wa Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, hata hilo liliondoka. Manowari za kubebea ndege zilipigana pasipo kuonana. Zilizoonana ni ndege zao. Mafundi na wapakiaji wa mabomu walitumika chini ya sitaha, wala hawakumwona adui wala bahari yenyewe. Na vita hivyo havikuwa mbali na Waswahili: tarehe 9 Aprili mwaka huo Wajapani walikuwa wameizamisha Hermes karibu na Batticaloa, kisiwani Ceylon, wakafa watu zaidi ya 300, na manowari za Waingereza zikaja kujificha Kilindini.

Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha miaka ile, alivishika vita hivyo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliopigwa chapa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Msomaji aweza kuulaumu kuwa ni mrefu na wafuata khabari mno. Lawama hiyo ina haki nusu. Karani huyo hakusimama sitahani. Vita vilimfikia kwa khabari, na kubuni mabaharia wawili wanaotajiana nasaba kungekuwa uwongo. Gharama ya uaminifu huo ni kwamba taifa hutwaa nafasi ya shujaa, na taifa halina uso.

Njia nyingine ipo. Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1964 helikopta ziliruka kutoka manowari Centaur zikawashusha askari wa Kiingereza katika kambi ya Colito, kando ya njia iendayo Bagamoyo, kuzima maasi ya askari wa Tanganyika yaliyoanza tarehe 20. Hapo mtunzi angekuwa na kile alichonyimwa 1942, nacho ni masikio. Mizani nane zatosha kwa mngurumo usiojulikana utokao baharini, na kwa mtu aliyeshika ndoo kisimani akainua kichwa. Meli na ibaki nje ya ubeti.