Ariane 5: hitilafu iliyosomwa kama data

Katika lugha ya C, funksheni ikishindwa kazi hurudisha namba, mara nyingi -1, na ni juu ya aliyeiita kuiangalia. Katika Ada au Java, hurusha eksepsheni, na kazi hukatika papo hapo hadi apatikane wa kuidaka. Waandishi wa programu wamebishana miaka mingi ipi ni bora. Mimi huwaelekeza kwenye ajali ya roketi ya Ariane 5, maana siku ile njia zote mbili zilishiriki kuiangusha.

Ilikuwa tarehe 4 Juni 1996, Kourou, Guyana ya Ufaransa. Roketi ilibeba mifumo miwili ya kupima mwelekeo, mmoja wa kazi na mwingine wa akiba, yote ikiendeshwa na programu ileile ya Ada iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Mahali fulani programu hiyo iligeuza namba ya desimali ya biti 64, iliyotokana na kasi ya mlalo, kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Ariane 5 ilishika kasi ya mlalo upesi kuliko ile ya zamani. Namba ikafurika, eksepsheni ikarushwa, na hapakuwa na wa kuidaka.

Sikubali kwamba huo ulikuwa uzembe mtupu. Wahandisi walibaini namba saba zenye hatari hiyo, wakazikinga nne, tatu wakaziacha kwa makusudi ili mzigo wa kompyuta usizidi asilimia 80. Kwa Ariane 4 walikuwa sahihi. Kinachouma ni kwamba hesabu yenyewe ilikuwa ya kusawazisha mfumo kabla ya kuruka; roketi ikishaondoka ardhini haikuwa na kazi tena, lakini iliachwa iendelee kwa sababu Ariane 4 ndiyo iliyoihitaji.

Kanuni iliyowekwa ilikuwa hii: eksepsheni ikitokea, andika kumbukumbu, zima prosesa. Kifaa kikiwa kimeharibika, huo ni uamuzi mzuri, mwenzake atashika usukani. Ila hapa kosa lilikuwa ndani ya programu, na mfumo wa akiba ulikuwa umeshazimika milisekunde 72 kabla, kwa kosa lilelile.

Kisha ikaja zamu ya njia ya pili. Mfumo uliokuwa kazini ulituma taarifa ya hitilafu kupitia njia ileile ya data za safari, na kompyuta kuu ikaisoma kana kwamba ni mwelekeo halisi wa roketi. Ikaamuru midomo ya injini igeuke hadi mwisho wake. Roketi ikakabili hewa kwa pembe ya zaidi ya digrii 20, ikavunjika, ikajilipua pamoja na setilaiti nne za Cluster. Huu ni ugonjwa uleule wa -1: jibu na kosa vinapita mlango mmoja, na msomaji hana pa kuvitofautishia. Ndiyo maana naipenda Rust, ambamo jibu huja limefungwa ndani ya Result, na huwezi kulitumia bila kwanza kuamua utafanya nini likiwa kosa.

Bodi ya uchunguzi chini ya Jacques-Louis Lions ilipendekeza kwamba kihisi chochote kisiache kutuma makadirio bora kiliyonayo. Kwa namba ile, ingetosha kuibana kwenye 32,767 na kuendelea na safari.