Apolo Kagwa: Mwandishi wa Koo, Mgawaji wa Ardhi

Mkondo wa Nakivubo ulitenganisha Kibuga cha Buganda, upande wa Mengo, na mji wa Kampala wa Waingereza. Apolo Kagwa, Katikkiro tangu 1889 hadi 1926, alifanya siasa katika ng'ambo zote mbili. Alipigana vita vya dini, akatia saini Mkataba wa 1900 akiwa miongoni mwa makaimu watatu wa Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa mtoto, na akajipatia milki kubwa kwa mkataba huohuo, uliowatengea machifu na wenye ardhi 1,000 takriban maili za mraba 8,000.

Uhakiki wa maandishi yake hauna budi kuanzia hapo. Ekitabo kya Basekabaka be Buganda (1901) kimehifadhi masimulizi ambayo pengine yangepotea, na sifa hiyo haipingiki. Hata hivyo, mtu huyuhuyu aliyeandika kitabu cha koo za Baganda ndiye ambaye bataka, wakuu wa koo, walimlalamikia katika miaka ya 1920 kwamba ugawaji uliwapokonya ardhi yenye makaburi ya mababu zao. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliwapunguzia wapangaji mzigo wa kodi; ardhi ya koo haikuirejesha.

Basi maandishi ya Kagwa ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mhusika. Mshauri wa sera ya ardhi anayeyanukuu bila kuyaweka kando ya malalamiko ya bataka amesikiliza upande mmoja wa shauri.